Mzazi wa Jikoni Kwetu

Kwaruu. Kimya kidogo. Kwaruu.

Nilifumbua macho gizani nikasikiliza. Kijiko kwenye sufuria. Kulikuwa na mtu au kitu kinakwangua ukoko wa ugali huko jikoni, polepole, kinapumzika, kinaanza tena. Majogoo walikuwa hawajafungua midomo. Nikamtoa Kipriani titini taratibu, maana mwanangu huyu hata usingizini hukubali titi liondoke kwa masharti yake, nikajifunga kitenge, nikachukua simu nipate kumulika. Mume wangu, Reverien, alikuwa amegeukia ukutani. Sikumwamsha. Mtu hamwamshi mwenyekiti wa kitongoji kwa ajili ya paka.

Jiko letu ni kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, na mlango wake tunauzuia kwa gogo la kuni. Gogo lilikuwa limesogezwa na kusimamishwa vizuri ukutani. Hapo nikajua si paka.

Nilipomulika, nilimkuta mwanamke amepiga magoti kando ya mafiga, sufuria yangu mapajani. Hakukimbia. Aliinua mkono mmoja kuzuia mwanga usimchome macho, na ule wa pili, wenye ukoko, akauficha nyuma kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Bwakeye," akanisalimu. Ni salamu ya ng'ambo, ya Kirundi, lakini sisi Waha hatuhitaji mkalimani. Nami nikamwitikia, maana salamu ni salamu hata kwa anayekula ukoko wako. Kisha nikaona kitenge chake kimejaa kidogo mgongoni, kidogo mno, nikadhani ni furushi la nguo.

"Umebeba nini?"

Akafungua kifundo. Alikuwa mtoto wa kiume, mweupe bado kama watoto wa siku za kwanza, kitovu hakijaanguka. Macho yake yalikuwa wazi. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko mgeni mwenyewe. Mtoto anayelia bado ana nguvu ya kudai. Huyu alikuwa ameacha kudai.

"Anyonya?"

Mwanamke akatikisa kichwa. Akashika mkono wangu akauweka kifuani pake. Titi lilikuwa gumu kama kiazi kibichi, la moto, na mwili wote ulikuwa wa moto. Alikuwa amejifungua njiani, katika shamba la mihogo la watu, akaendelea kutembea, homa ikampata, maziwa yakakauka.

Siwezi kusema nilifikiri. Yangu yalikuwa yameshaanza kutoka yenyewe, yamelowesha kitenge, kabla sijaamua lolote. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikampokea yule mtoto. Mwanzoni hakujua la kufanya. Nikamkamulia tone mdomoni, na jingine. Kisha akashika, kwa udhaifu, akawa anavuta na kusahau, anavuta na kusahau. Mama yake alipoona koo la mwanawe linapanda na kushuka, akautoa ule ukoko nyuma yake, akaendelea kula.

Mama huyo aliitwa Akimana.

*

Mabukwe, yaani mama mkwe wangu, ndiye aliyetukuta hivyo kulipopambazuka. Alisimama mlangoni na kopo lake la maji ya kunawa, akatutazama kwa zamu.

"Esteri, huyo unayemnyonyesha ni wa nani?"

"Wa mgeni, mabukwe."

"Mgeni wa nani?"

Akamgeukia Akimana, wakasemezana Kirundi cha haraka haraka, wametoka kilima gani, ukoo gani. Kisha mabukwe akaniambia kwa Kiswahili, ili mgeni asielewe vizuri: "Mpe uji, mpe chumvi ya njiani, aondoke kabla watu hawajaenda shamba. Mume wako ana adui wa kumtosha."

Nieleze hapo, msije mkamwona mwovu. Mimi ni Muha wa Titye, kule Kasulu. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza mimi ni nani. Nyumba niliyoolewa ni tofauti. Mabukwe alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, mwaka ule wa sabini na mbili watu walipokimbia kwa maelfu, na Reverien alizaliwa katika makazi ya wakimbizi. Uraia walipewa baadaye, kwa halali, kwa cheti. Walihamia hapa Busunzu, wakalima, na watu wakamchagua Reverien kuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtoto wa wakimbizi. Lakini kila akisuluhisha kesi ya mpaka wa shamba, aliyeshindwa huondoka akinong'ona: "Na yeye mpaka wake aliuvuka lini?"

Reverien alipoamka na kuambiwa, hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kufanya. Alikaa kwenye benchi, akamtazama mtoto mikononi mwangu.

"Mama Ange, unajua sheria."

"Naijua." Na kweli naijua. Nilipokuwa nasoma masomo ya jioni pale Kibondo, mtihani wa Uraia uliuliza wajibu wa raia mwema. Niliandika, pamoja na mengine: kutoa taarifa za wahamiaji haramu. Nikawekewa vema nyekundu.

"Mgeni akilala kwa mtu, anaandikishwa kwangu," Reverien akasema. "Akilala kwangu aandikishwe kwa nani? Na haitaishia kwenye barua ya kuniondoa uenyekiti. Kumhifadhi mtu aliyevuka bila ruhusa ni kesi. Nimewasomea watu mimi mwenyewe mkutanoni."

"Kwa nini asiende kambini?" mabukwe akauliza.

Akimana akaeleza, macho chini. Kambini alikuwa amekaa miaka. Akaandikwa kati ya wanaorudi nyumbani kwa hiari, akarudi na mumewe, wakakuta ndugu wa baba wa mumewe wamegawana shamba na kupanda kahawa changa juu ya kaburi la mama mkwe wake. Mume akafungua kesi. Siku moja akaenda mjini kwa kesi hiyo, hakurudi. Akimana akangoja mpaka tumbo likamzuia kungoja, akakamata njia ya porini. Kambini hakurudi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa na waliomtangulia: aliyekwisha kurudi kwao, jina lake limefungwa.

"Basi si mkimbizi tena," Reverien akasema kwa uchungu, kama anayemuuliza mwalimu. "Kwa karatasi yeye ni mtu aliyeingia nyumba ya watu kupitia dirishani."

"Aliingia kupitia mlangoni," nikasema. "Na gogo alilisimamisha."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Esteri, usinifanye mimi mkatili. Wewe unaweza kumhurumia mtu na ikaishia hapo, watu watasema mke wa mwenyekiti ana roho nzuri. Mimi nikimhurumia Mrundi, watasema anakusanya wenzake. Leo mmoja, kesho kumi. Na wakisema hivyo hawatakuwa wajinga wote. Wako wenye mashamba walioibiwa mihogo na wapita porini. Wako waliovamiwa barabarani. Hao nao ni watu wangu, walinichagua niwalinde."

Katika madarasa ya jioni hoja ilikuwa na majibu mawili, unachagua moja unalitetea. Hapa yote mawili yalikuwa yamekaa kwenye benchi moja, yananitazama kwa macho ya mume wangu.

"Huyu hajaiba muhogo," nikasema mwishowe. "Na huyu wa mkononi hajavuka mpaka wowote. Amezaliwa huku. Akiondoka leo bila titi, hafiki popote, Baba Ange. Sisemi akae. Nasema maziwa ya mama yake yarudi. Yakirudi, mwandikishe, mpeleke, fanya sheria yako."

Binti yetu, Ange, alikuwa ametoka kitandani, amesimama na sare ya shule imefungwa vifungo vya kupishana, anamsoma yule mtoto kama anavyosoma kitabu chake cha darasa la kwanza, kwa kidole.

"Maziwa yakirudi," Reverien akasema. "Siku hiyo hiyo."

Akatoka. Jioni alirudi kutoka Kibondo na dawa za homa na za uvimbe alizoeleza dukani kuwa ni za shemeji.

*

Basi tukawa tunangoja maziwa. Nyumba nzima ilikuwa inangoja titi la mtu mmoja. Asubuhi ilikuwa kumkanda Akimana kwa maji ya moto, mchana uji wa ulezi, jioni maharage na mchuzi wake. Mabukwe ndiye aliyekuwa anakanda. Mikono yake ilikuwa migumu, Akimana anauma kitenge asilie. "Ihangane, ihangane," mabukwe anamwambia, vumilia, na huku anaendelea kama mtu anayekanda unga wa ndizi. Hakusema tena habari ya kumwondoa.

Mimi nilikuwa na wawili. Kipriani, mwenye meno mawili na tumbo la mwenyekiti, hakufurahia. Nikimpakata mgeni upande wa kushoto, yeye wa kulia anamvuta sikio. Usiku nilikuwa nasikia mwili wangu unajaa na kumwagika kama mfereji usio na kizuizi. Sikuchoka, au nilichoka nikafurahi. Yule mdogo alianza kulia. Mara ya kwanza alipolia kwa sauti, sisi wanawake watatu tuliangaliana tukacheka, kisha tukakumbuka njia inapita karibu, nikamziba kwa titi.

Kumficha mtu ni kazi ngumu, lakini kumficha mtoto ni ngumu zaidi, kwa sababu mtoto anafuliwa. Nilikwenda dukani kwa Mwanaamina kununua sabuni. Mwanaamina ana duka pale senta, mama yake alitoka Pangani enzi hizo, na yeye mwenyewe hajawahi kuiona bahari lakini huongea kama anaisikia nyuma ya duka.

"Sabuni tena, mwanangu?" akasema. "Huyo Kipriani anafuliwa au anasuguliwa rangi?"

"Watoto wachafu, Bi Mwanaamina."

"Mm. Nimepita kwako juzi. Kwenye kamba nimeona vitambaa vya mtoto wa kitovu. Kipriani wako akikaa kwenye vile si vinapasuka?" Akasogeza kiti chake karibu na kaunta, akapunguza sauti. "Mimi sikuulizi. Nakuambia tu, uwe unaanikia ndani."

Nikajikuta machozi yananitoka. Si kwa hofu, ni kwa sababu kuna mtu mwingine anajua. Nikamweleza.

"Unamnyonyesha wewe?"

"Mama yake hana."

Mwanaamina akachukua kipimo cha sukari. "Kwa dini yetu, ukishamshibisha hivyo, mwanao na yeye ni ndugu. Hawaoani mpaka kufa. Wewe ni mama yake. Hakuna hakimu wa kuufuta undugu huo."

"Hata kama mama yake amevuka kimakosa?"

"Titi lilimuuliza?" Akanipimia sukari bila kuitaja bei. "Lakini sikiliza, Mama Ange, nisikudanganye. Mume wangu naye, Mungu amrehemu, alikuwa akisema serikali isiyojua nani kalala ndani yake ni kama nyumba isiyo na mlango. Sikuona kosa lake. Serikali ina haki yake. Mtoto naye ana haki yake. Sisi wenye maduka katikati ndio tunapata taabu."

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningeanikia ndani," akasema.

*

Sasa nifike kwenye lile lililotuangusha, nalo halikuwa uovu wa mtu.

Kwetu nyumba ya mzazi haiingiwi kimya. Mwanamke akijifungua, wenzake wanakuja na unga, maharage, kuni, na wanaanza kuimba tangu njiani, ili walioko mbali wajue kilichoingia nyumbani ni uzima. Kuingia kimya ni kwa msiba. Hata mama asiye na mume huimbiwa. Hata mlevi wa kijiji, mkewe akijifungua, huimbiwa.

Jioni moja nilimkuta mabukwe jikoni, yule mtoto mapajani, Akimana amelala. Alikuwa anamchezesha vidole vya miguu.

"Huyu hajaimbiwa," akasema.

"Ataimbiwa kwao, mabukwe."

"Kwao wapi?" Akaendelea na vidole. "Mimi wa kwanza wangu nilimzaa tukiwa tumefika tu makazini. Kila mtu alikuwa anamtafuta mtu wake. Hakuna aliyekuja. Ndani kimya, nje kimya. Nikasema moyoni, mtoto huyu ameingia duniani kama anaingia matangani. Hakumaliza mwezi."

Reverien hajawahi kuniambia kuwa alikuwa na kaka. Labda hajui.

Sikujua kuwa kesho yake mabukwe alikwenda kwa Niyubahwe, kiongozi wa akina mama wa kanisani kwetu, akamwambia siri nzima, na akamwomba kitu kimoja: aje na wenzake wawili au watatu, wamletee mzazi unga, waimbe kidogo, ndani kwa ndani. Niyubahwe ni mwanamke wa ahadi. Aliahidi kidogo. Lakini ana moyo ambao haujui kidogo, na sauti iliyozoea kuvuka bonde. Akamwambia mmoja, huyo akasema hawezi kwenda mikono mitupu, akamwambia mwingine mwenye maharage.

Na siku waliyoichagua ndiyo siku ulioitishwa mkutano wa kijiji.

Asubuhi hiyo, kabla ya yote, Akimana aliniita jikoni. Homa ilikuwa imemwachia. Alikuwa amekaa wima, mtoto titini pake, uso wake umejaa aibu na furaha. Akalibinya titi kidogo. Likatoka tone, jeupe, likasimama. Kisha la pili.

"Bado kidogo," nikamwambia. "Siku chache tu." Nami nikamalizia kumnyonyesha mtoto, maana matone hayatoshi, lakini moyo wangu ulikuwa umeshaanza kumsindikiza.

*

Ya mkutanoni alinisimulia Reverien baadaye. Alikuja ofisa kijana kutoka wilayani, Lukmani, na gari lenye turubai. Ndani ya gari walikuwamo watu waliovuka bila ruhusa, waliokusanywa vijiji vya nyuma. Watu walikaa chini ya paa la ofisi ya kijiji, ofisa akawaeleza kwa upole kabisa: wageni waandikishwe, anayeficha mtu atafikishwa mahakamani, awe mkulima, awe kiongozi. Reverien alikuwa amekaa kiti cha mbele, anatazama viatu vyake.

Wimbo ukaanzia bondeni.

*Tumesikia kwako kumeingia mgeni, mgeni mdogo asiye na mzigo…*

Watu wakageuza shingo. Akina mama walipita nyuma ya ofisi kwa mstari, ungo kichwani, kuni kichwani, Niyubahwe mbele anarusha shingo. Wakakunja njia inayoelekea kwetu. Njia ile haiendi kwa mtu mwingine.

"Mwenyekiti," mzee mmoja akasema kwa sauti, "hongera. Kipriani hata kutambaa bado, umeshaleta mwingine? Wewe ardhi yako haipumziki."

Mkutano mzima ukacheka. Hata ofisa akacheka. Akamwambia Reverien, kwa adabu aliyofundishwa kwao: "Basi mwenyekiti, tukimaliza hapa nipite nami nimpe mzazi pongezi. Si vizuri nisikie wimbo nikapita na gari tu."

Reverien akaniambia: "Nilitaka kusema hapana. Lakini mtu anakataaje pongezi?"

Mimi nilikuwa uani. Wimbo ulipofika kwenye mgomba wa kwanza nilidhani wanapita. Kumbe wakaingia. Nilimtazama mabukwe, naye alikuwa ameziba mdomo kwa viganja, anatikisa kichwa, wengi mno, wengi mno. Lakini Akimana alikuwa ameshatoka jikoni. Alisikia wimbo wa mzazi, akajua ni wake, akatoka na mtoto mikononi, jua likampiga usoni. Wanawake wakamzunguka. Wakamwaga unga kwenye ungo mmoja. Alikuwa analia na kucheza kidogo kwa mabega, kama wanavyocheza kwao. Nimemwona Akimana akiwa na furaha mara moja tu, ni pale.

Gari likasimama. Ofisa akashuka, Reverien nyuma yake, amefuata kama mtu anayeongozwa katika nyumba asiyoijua. Wimbo ukakatika kwa Niyubahwe kwanza, kisha kwa wengine, mmoja mmoja.

"Hongereni," Lukmani akasema. Bado alikuwa anatabasamu. "Mzazi ni nani?"

"Mdogo wangu," nikasema. "Ametoka Titye."

Akamgeukia Akimana. "Hongera, dada. Titye sehemu gani?"

Akimana akanitazama. Angeweza kunyamaza, ningeweza kusema ni aibu ya uzazi. Alimtazama Ange, aliyekuwa ameshika kitenge changu. Akamtazama Reverien. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kambini: "Miye si wa Titye. Nimetoka ng'ambo. Hawa batu habanijui. Nimeingia usiku wa leo, nimelala mu jiko yao. Baba hakuniona."

Alikuwa anatulipa kwa uongo, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine. Tabasamu la ofisa likaondoka polepole. Hakufurahi, hilo nitalisema popote. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

"Mwenyekiti," akasema, "ni kweli? Usiku wa leo?"

Njia ilikuwa wazi. Akimana alikuwa ameifungua, na Lukmani, kwa jinsi alivyouliza, alikuwa ameishika isifungike. Reverien alifuta uso kwa kiganja.

"Si kweli," akasema. "Amekaa kwangu tangu mtoto akiwa na kitovu. Nilipaswa kumwandika, sikumwandika. Mke wangu alimnyonyesha mtoto kwa ruhusa yangu. Wengine wote hapa wameleta unga tu."

"Unajua maana ya unayosema?"

"Najua. Nimewasomea hawa. Nilikuwa nangoja maziwa ya mama yarudi, nimlete mwenyewe ofisini. Yameanza leo. Ningeomba siku chache, lakini najua huwezi. Naomba basi wapitie hospitali ya Kibondo kwanza."

Nilitamani kumshika mkono mbele ya watu, sikumshika. Lukmani alitazama gari, akatazama chini.

"Nitaliombea ruhusa hilo la hospitali," akasema. "Siahidi. Wewe utaitwa, mwenyekiti. Gari lazima lifike Kasulu leo."

Hakuna aliyegombana. Mabukwe alikaa chini kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele, kama wanavyokaa waliofiwa. Niyubahwe, machozi yakimtiririka, alibeba ule ungo wa unga akaupeleka mpaka kwenye gari, akausukuma ndani chini ya turubai kwa wale tusiowajua. "Unga nao una sheria yake?" akamuuliza dereva. Wenzake wakafuata, maharage, ndizi, hata kuni, ingawa sijui nani angepika ndani ya gari. Lukmani akawa ameangalia upande wa mgomba.

"Nimnyonyeshe," nikamwambia. "Kabla hamjaondoka."

"Dereva anageuza gari," akasema. "Mpaka ageuze."

Nikakaa pale pale uani, kwenye benchi. Mtoto alishika mara moja, siku hizi alikuwa amejua. Mkono wake mdogo aliuweka juu ya titi, vidole vinafunga na kufungua. Akimana alisimama mbele yangu akijifunga kitenge cha pili nilichompa, haraka, akikosea kifundo. Nilimwambia: kila akilia mwekee lako kwanza, hata kama ni tone, usikate tamaa, yatakuja, maziwa huja kwa kuitwa. Alikuwa anaitikia kila neno, "ego, mama, ego," ndiyo, ndiyo, na mimi nilikuwa naamini ninachosema. Bado naamini.

Uani kwetu ni pembamba. Nilidhani dereva atahangaika, kumbe ni mzoefu. Gari likaenda mbele, likarudi, likasimama limeelekea barabarani.

"Mama," Lukmani akasema.

Nikaingiza kidole pembeni ya mdomo wa mtoto, kama tunavyofanya, titi likaachia. Mdomo wake ukabaki unavuta, unavuta hewa. Nikamweka mikononi mwa Akimana, wakampandisha, mtu asiyemjua akampokea mkono. Lukmani akashika turubai kulishusha.

Ange aliachia kitenge changu. Akasogea hatua mbele, akamtazama ofisa usoni, akasema kwa sauti ile anayosomea darasani:

"Mtoto bado hajashiba."